Mbaruti Uani kwa Bi S.: Uchambuzi wa Kisa cha Mbegu za Mpopi

Majina, shehia na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Mhusika mkuu namwita Bi S., naye ameridhia kisa chake kiandikwe ili wengine wasifikwe na yaliyomfika.

Usuli

Bi S. ni mjane aliyepita miaka 60. Anakaa pembezoni mwa mji wa Unguja, kwenye nyumba yenye uwanja mdogo wa nyuma uliozungushiwa ukuta. Ana mkono wa kupanda. Asumini zake hazikatiki, mrehani unamea mpaka kwenye nyufa za sakafu, na siku za harusi majirani humgongea alfajiri kuomba maua ya kufungia vikuba.

Ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa anaishi Uingereza. Mdogo alitumia unga kwa miaka kadhaa, akaingia nyumba ya upataji nafuu, na wakati kisa hiki kinaanza alikuwa amerudi kwa mama yake miezi michache, hajagusa kitu. Mtaa mzima unajua. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila ya hili mengine yote yataonekana ni ugomvi wa magugu tu.

Mwezi wa Juni yule mkubwa alimtumia mama yake picha ya shamba la ngano lililojaa maua mekundu. Akamwambia hayakupandwa na mtu, yamejiotea. Bi S. akayapenda, akataka yaote na kwake. "Nilitaka tuwe na ua moja, yeye kule na mie huku," ndivyo alivyonieleza. Baada ya miezi miwili mitatu pakiti ya mbegu za ua hilo, mpopi mwekundu, ikaja ndani ya begi la msafiri.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Niliitwa mambo yalipokwisha kuharibika.

Jina moja, mimea mingi

Watu wengi wakisikia mpopi huwaza mmea mmoja, na hapo ndipo penye hatari. Mipopi ni ukoo mzima. Kwa kisa hiki inatosha kuijua mitatu.

Wa kwanza ni mpopi mwekundu wa mashambani wa Ulaya, kwa wataalamu Papaver rhoeas. Majani yake membamba yamechanika-chanika, shina lina vinyweleo vinavyokwaruza kidole, na tumba lake huinamisha kichwa kabla ya kufunguka. Ua lina petali nne nyepesi kama karatasi ya shashi, mara nyingi na doa jeusi kwenye kitako, na petali huanguka baada ya siku moja au mbili. Tunda lake ni dogo, laini, kama kidau chenye kifuniko.

Wa pili ni mpopi wa afyuni, Papaver somniferum. Huu ndio unaotoa kasumba, na kutoka humo hutengenezwa mofini na heroini. (Siku hizi tukisema mtu ana kasumba tunamaanisha fikra zilizomganda kichwani, wazee walikuwa wakitaja afyuni yenyewe.) Majani yake ni mapana, ya kijani cha kijivu, yana kama nta juu yake, hayana mwiba, na kitako cha jani hukumbatia shina. Maua ni meupe, ya waridi au ya zambarau. Tunda ni kubwa, laini, limevaa taji. Ukiukwaruza hutoa utomvu mweupe kama wa papai bichi. Kilimo chake kinabanwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 na sheria zetu wenyewe, na hapa kwetu hakuna bustani ya nyumbani inayoruhusiwa kuwa nao.

Wa tatu asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake, lakini umekwisha kuwa mwenyeji katika nchi nyingi za joto. Ni Argemone mexicana. Majani yana rangi ya kijani inayoelekea buluu, mishipa yake ni myeupe kama imechorwa kwa chokaa, na kila ncha ya jani ni mwiba. Ua ni la manjano. Tumba husimama wima likiwa na vipembe, na tunda lake lina miiba na hupasuka juu. Utomvu wake ni wa manjano, na hiyo ndiyo alama isiyokosea.

Yaliyotokea

Oktoba Bi S. alinunua gari la udongo kujaza tuta jipya alilolizungushia matofali. Udongo ulitoka wapi hakuuliza, wala sijui nani huuliza. Akauchanganya na samadi, akachora mistari ya kina cha kidole, kama anavyofanya kwa bamia, akamwaga nusu ya pakiti, akafukia na kumwagilia kwa kopo.

Wiki mbili hakuna kitu. Mvua za vuli zikaingia. Mwisho wa Novemba tuta likaota vimiche vyenye mistari myeupe kwenye majani, naye akafurahi mno. Akavipalilia, akavipunguza, akabakisha tisa. Disemba vikaanza kumchoma vidole. Akamuuliza mwanawe kwa simu. Kijana si mtu wa mimea, akajibu labda ni aina nyingine ya mpopi. Kwa namna fulani alikuwa amesema kweli.

Januari ua la kwanza likafunguka, la manjano, pana kama kisahani kidogo, laini mno. Halikuwa jekundu. Bi S. alilikubali hivyo hivyo, na kila aliyepita akamwonyesha: "Haya mapopi, yametoka Uingereza."

Kijana mmoja wa jirani akaliandika neno hilo kwenye simu yake. Akakuta afyuni. Kwa siku tatu maneno yalikwisha kufika barazani, na barazani yakapata umbo jipya: kwa Bi S. kunaoteshwa unga, na bila shaka mwenye shughuli hiyo ni yule kijana wake.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Kijana aliyepigana na mwili wake mwaka mzima, anayeamka usiku akitokwa jasho, anayeswali safu ya nyuma ili asitazamwe, anasikia kwamba amefanya shamba uani kwa mama yake. Aliacha kutoka nje. Bi S. aliniambia alikuwa akimwekea chakula mlangoni, na sahani ikirudi vilevile. Kwa siku nne alikuwa akilala kwenye mkeka ukumbini, nje ya chumba cha mwanawe, ili amsikie akifungua mlango.

Jirani mmoja mwenye hofu ya kweli, wala simlaumu kwa hofu yake, akaenda kwa sheha, kiongozi wa shehia. Sheha akaja baada ya swala ya Alasiri. Alisimama, akatazama, akasema hawezi kuamrisha jambo juu ya kitu asichokijua, akauliza nani anaijua mimea. Ndipo nikaitwa.

Maamuzi, na kwa nini

Nilipofika, Bi S. alikuwa ameshika jembe. Alitaka kung'oa yote usiku ule ule. Nikamwambia, "Bi mkubwa, usiguse." Akaniuliza kwa ukali kidogo kama nataka mwanawe achukuliwe.

Sababu yangu ilikuwa hii. Mmea uliong'olewa gizani haujulikani tena ulikuwa nini. Kesho yake barazani wangesema ameficha ushahidi, na hakuna mtu angeweza kuwajibu. Mmea ule ulikuwa shahidi wake pekee. Lakini matunda matatu yalikuwa yameshaanza kupasuka, na mbegu zikimwagika huotea hapo miaka na miaka. Kwa hiyo tuliyafunika kwa vipande vya kanga kuukuu, tukafunga kwa uzi, na tukakubaliana na sheha tukutane asubuhi.

Jambo la pili nililoomba ni pakiti. Bahati yake Bi S. hatupi karatasi, ilikuwa kabatini, pamoja na kadi za kliniki. Nyuma yake liliandikwa jina la kitaalamu: Papaver rhoeas. Basi hata kama mbegu zile zingeota zote, zisingekuwa afyuni. Na kilichokuwa kimesimama kwenye tuta si hicho kilichoandikwa. Mbegu za pakiti zilikuwa ndogo mno, chini ya kiasi cha milimita 1, umbo la figo. Zile za kwenye tunda la uani zilikuwa duara, nyeusi, karibu mara mbili kwa ukubwa. Mwenye macho angeona ni vitu viwili.

Asubuhi alikuja sheha, jirani aliyepeleka habari, kijana mwenye simu, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake akaona watu. Niliomba kisahani cheupe cha chai. Nikavaa glavu, nikakata kikonyo cha jani kwa kisu, nikakiinamisha juu ya kisahani. Tone likajikusanya polepole kwenye ncha, likaning'inia, likadondoka. Manjano. Manjano kabisa, kama maji ya bizari ya manjano. Nikakata la pili, likawa vilevile. Nikawaambia utomvu wa mpopi wa afyuni ni mweupe, na jani lake halina mwiba hata mmoja. Mwenye shaka na apitishe kiganja hapa.

Hakuna aliyepitisha. Yule mzee wa ng'ombe akasogea, akatazama, akasema, "Huu si mbaruti huu? Sisi tunauparua kila siku huko kwenye majaa, ng'ombe hawauli." Jina lilikuwapo siku zote, la Kiswahili.

Sheha akamgeukia jirani, akamwambia yeye mwenyewe aende barazani leo aseme alichokiona. Uamuzi huo haukuwa wangu, na ndio uliofaa kuliko yote niliyofanya mimi.

Nilikuwa naaga nilipouliza, kwa mazoea tu, kama kuna matunda yaliyopasuka kabla hatujayafunga. Bi S. akasema yapo mawili, mbegu ameziweka. Akaingia jikoni, akatoka na kichupa. Alikuwa amesikia kwamba khaskhas, zile mbegu ambazo wapishi wa vyakula vya Kihindi husaga kuzidishia uzito mchuzi, ni mbegu za mpopi. Alikuwa akizikusanya azisage kwa mchuzi wa Idi.

Nilihisi baridi ya mgongo. Mafuta ya mbegu za mbaruti yana sumu, sanguinarini. Nchini India yamewahi kuchanganyika na mafuta ya haradali mara kadhaa. Mwaka 1998 mjini Delhi zaidi ya watu 60 walikufa. Miguu huvimba, pumzi hubana, moyo hulemewa, na wengine huharibikiwa na macho. Kichupa kile kilikuwa na mbegu za vijiko viwili hivi. Tulizitia kwenye mfuko pamoja na matunda.

Kazi ya kung'oa tuliifanya siku ile ile, na niliomba aifanye yule kijana pamoja nami. Kwanza matunda, yakatwe juu ya beseni yasimwage. Kisha shina, likamatwe chini kabisa kwa glavu na kuvutwa na mzizi wake mrefu baada ya kulowesha udongo. Vyote vikaingia shimoni, kina cha kifua, mbali na kisima.

Jaribio la pili na matokeo

Ilibaki nusu ya pakiti. Nilimwambia Bi S. wazi kwamba mbegu kuja ndani ya begi bila cheti cha afya ya mimea ni kosa. Visiwa hivi vina karafuu na migomba ambayo ugonjwa mmoja mgeni unaweza kuisumbua kizazi kizima. Tukazipeleka kwa wakaguzi wa mimea, wakazitazama, wakaturuhusu tuzijaribu kwenye makopo tu, mahali pamoja.

Tulingoja kipupwe. Juni tulijaza makopo kwa udongo wa kinongo na mchanga, nusu kwa nusu, tukatoboa matundu chini. Mbegu tulizilaza kwenye friji wiki mbili, tukazichanganya na mchanga mkavu ili zisilundikane, tukazinyunyiza juu bila kuzifukia, maana zinataka mwanga ili ziote. Tulimwagilia kutoka chini, kwa kuyaweka makopo kwenye beseni la maji. Hatukuhamisha mche wowote. Mzizi wa mpopi ukivunjika haurudi.

Ikaota saba. Majani yalichanika kama ilivyoandikwa, vinyweleo vikaonekana, na Bi S. alikuwa akiviita "hivi vya kweli". Vilitandaza majani chini na kubaki hivyo Julai yote na Agosti. Viwili tu vilifika Septemba. Hakuna kilichotoa tumba. Joto lilipopanda vikanyauka ndani ya wiki moja.

Barazani maneno yalikoma, si yote na si mara moja. Kijana alianza tena kutoka nje baada ya siku kumi hivi.

Uchambuzi

Kwa nini mbegu za kwanza hazikuota? Zilifukiwa kina cha kidole, na mbegu ndogo kiasi kile haina akiba ya kupanda kutoka huko. Pia huota vizuri penye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18, na Unguja hata usiku wa kipupwe ni nadra kushuka chini ya 20. Oktoba ndiyo kwanza joto linapanda. Mvua ya vuli na sisimizi walimaliza kilichobaki.

Na mbaruti ulitoka wapi? Kwenye gari la udongo, sina shaka. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi zikingoja kupinduliwa. Mpopi mwekundu una tabia hiyo hiyo, ndiyo maana uliota kwa wingi kwenye uwanja wa vita wa Ubelgiji na Ufaransa baada ya mizinga kuifukua ardhi katika Vita Vikuu vya Kwanza, na Waingereza wakalifanya ua la kuwakumbuka askari wao. Tuta jipya huota kwanza kilichokuja na udongo, halafu ulichopanda. Njia ya kujua ni rahisi: mwagilia tuta tupu wiki tatu kabla ya kupanda, utazame nini kinajitokeza, ukiparue. Bi S. hakufanya, nami katika miaka yangu ya kazi sikuwafundisha watu jambo hilo vya kutosha.

Kushindwa kwa jaribio la pili kuna sababu ambayo watu huisahau kwa sababu kila mmoja hulaumu joto. Mpopi mwekundu huchochewa kutoa maua na siku ndefu. London mwezi wa Juni jua hukaa saa 16 na nusu. Hapa kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, siku ndefu kabisa ya mwaka, ya Disemba, haifiki saa 12 na nusu, na Juni ni pungufu ya saa 12. Mmea ule ulikuwa ukingoja kiangazi kisichokuja. Ningeweza kuuwashia taa usiku kuurefushia mchana, lakini taa haizuii joto, na kumlipisha mjane umeme kwa ua la siku mbili sikuona sawa. Ningefanya hesabu hii mwanzo, nisingemtia matumaini ya jaribio la pili. Hilo nalihesabu kuwa kosa langu.

Lililofaa zaidi ni kutong'oa haraka. Wengi walioshauriwa nami huko nyuma walinifikishia mmea uliokwisha kukauka au kuchomwa, na shaka ikabaki palepale. Ua pekee halitoshi pia. Rangi huongopa, na picha ya simu huongopa zaidi. Jani, tumba, tunda na utomvu vikikubaliana, basi. Utomvu wenyewe usiguswe kwa mkono mtupu wala kupelekwa karibu na macho.

Kilichonitia hofu kuliko sheha ni kile kichupa. Mtaa mzima ulikuwa ukitazama hatari isiyokuwapo uani, na iliyokuwapo ilikuwa jikoni, kando ya chumvi. Mbegu ya mmea usioujua haiingii chunguni hata kama jamaa yake huliwa. Na kwa wenye ndugu Ghuba: katika Falme za Kiarabu mbegu za mpopi, hata za mapishi, ni marufuku, kwa hiyo mtu asimfungie msafiri zawadi ya aina hiyo.

Juu ya yule kijana nina neno moja. Nilimwita ashike glavu kwa sababu nilitaka majirani wamwone mchana kweupe akiondoa magugu kwenye tuta lile. Sikumwambia sababu. Alikata matunda kwa uangalifu kuliko mimi, moja moja, akiyashika kwa vidole viwili.

Kwa ule wekundu tulipanda zinia. Mbegu zake ni kubwa, zinafukiwa kidogo tu, zinaota ndani ya wiki moja, zinapenda jua kali, na baada ya miezi miwili zilikuwa zimefunguka. Bi S. alipiga picha, akaituma Uingereza.

Mbaruti haujesha. Masika haya imeota tena minane, kando ya matofali, na kijana aliing'oa kabla haijatoa ua.